Darasa la Kurudi Nyuma

Jumapili, 1 Machi

Mvua imeanza leo mchana bila kupiga hodi, na paa linavuja palepale pa mwaka jana. Nilikuwa natafuta beseni chini ya kitanda nikakuta daftari la hesabu la Bibi, nusu yake bado nyeupe. Nikaona niandike, angalau nione kama mkono huu bado unanitii.

Bibi ni binti yangu. Ana miaka kumi. Tunamwita hivyo kwa sababu ana jina la marehemu mama yangu, na kwa sababu tangu aanze kusema anaongea kama mwenye nyumba. Wiki mbili sasa yuko kwa dada yangu. Aliungua mkono na pasi. Mwenyewe aliwaambia wote, nesi wa zahanati na mama yake mkubwa, kwamba alikuwa anajipigia pasi shati la shule mimi nikiwa nimelala. Siku ya pili yake dada akaja kumchukua. Alinikuta kitandani na nguo za juzi.

"Mvua zikiisha tutazungumza," akasema. "Ukiwa mtu, utamchukua. Usipokuwa mtu, huku harudi."

Shemeji alibeba begi la shule bila kuniangalia. Kwa hiyo nina msimu mmoja wa mvua wa kuwa mtu. Leo nimekunywa, lakini kidogo.

Jumatatu, 2 Machi

Kidogo cha jana hakikuwa kidogo.

Jumatano, 4 Machi

Nafanya kazi kwa dobi, chumba cha nyuma, meza ya pasi ya dirishani. Wakati wa mvua kazi yetu ni balaa. Nguo hazikauki, kamba zote zimevutwa ndani, na tunamalizia kukausha kwa pasi mpaka chumba kizima kinanuka soksi. Mimi ndiye wa mashati. Kwanza kola, halafu mabega, halafu mikono, mgongo mwisho. Ukianza na mgongo utaukunja tena. Bibi nilimfundisha hivyo akiwa bado anasimama juu ya kigoda ili aifikie meza.

Asubuhi mkono ulikuwa unacheza ngoma yake. Nikaenda chooni na kichupa changu, nikarudi, kola zikanyooka. Tajiri, mwenye duka, akapita akasema, "Hapo sasa! Wewe ukitulia hakuna kama wewe." Watu wanaopendeza maofisini mji huu hawajui wananyooshewa na nini.

Alhamisi, 5 Machi

Nimekwenda zahanati. Nilijiambia nakwenda kuuliza habari za kidonda cha Bibi. Nesi ni yuleyule, mwanamke mnene asiye na haraka. Alinisikiliza, akanishika kiganja, akakigeuza, akakitazama kinavyotetemeka.

"Cha mtoto kinapona," akasema. "Chako je?"

Nikalia palepale mbele ya wagonjwa. Aliniambia nisiache ghafla peke yangu, mwili uliozoea unaweza kunifanyia kisirani, hata kifafa. Nipite kwake kila asubuhi anipe vidonge na aniangalie. Halafu akapunguza sauti. "Na jioni nenda shule ya udereva, ile nyuma ya kituo cha mafuta. Sema umekuja darasa la kurudi nyuma."

"Nesi, mimi sina gari."

"Pale hakuna mwenye gari."

Siku ya darasa aliitaja, lakini mimi nilikuwa nafuta kamasi.

Jumatatu, 9 Machi

Leo nimeaibika, na aibu yenyewe bora niiandike kabla sijaipunguza.

Nilifika shule ya udereva jioni, nimelowa chapachapa. Mwalimu kijana alikuwa mlangoni. "Darasa la kurudi nyuma?" nikamwuliza. "Tutafika huko, mama. Leo ni mzunguko," akasema, akanionyesha kiti. Kulikuwa na watu wa kutosha, na ubao wenye vigari vya sumaku. Wakaanza kubishana nani apite kwanza kwenye mzunguko. Nikajiambia, hawa watu wana busara, wanaanzia mbali, pombe hawaitaji hata kwa jina. Kila kitu nilikipa maana. "Usiingie mpaka uone nafasi," kijana akasema, nami nikatikisa kichwa kwa uchungu. "Ukikosea njia ya kutokea, usisimame katikati, zunguka tena." Machozi yalinilengalenga.

Mwisho akaninyooshea kalamu. "Na wewe mama mgeni, shida yako kubwa ukiwa barabarani ni ipi?"

Nikasimama. Nikavuta pumzi. "Nakunywa," nikasema. "Kila siku. Nimeshindwa kuacha."

Mmoja akacheka, na wengine wakamfuata. Kijana akakuna kichwa. "Basi, mama, bora usiendeshe."

Nilitoka mbio. Getini nikasikia viatu nyuma yangu, mzee mmoja mwembamba aliyekuwa amekaa pembeni akipanga picha za alama za barabarani. Yeye hakucheka.

"Kesho," akasema. "Sisi ni Jumanne."

Jumanne, 10 Machi

Chumba ni kilekile, ila leo tulikuwa saba tu, na viti vimepangwa ukutani chini ya picha za alama. Hawaitani majina. Kila mtu huitwa kwa alama iliyo juu ya kiti chake. Yule mzee hufundisha alama hapo shuleni, yeye wanamwita Mwalimu tu. Mwanamke mwenye sauti ya filimbi, mpishi wa hospitali, ni Kona Kali. Mwanamume mrefu mwenye saruji kwenye kucha, fundi wa kupiga lipu, ni Usipige Honi, na jina limemkaa, maana tangu ajiunge hajasema neno. Kiti kilichobaki kilikuwa chini ya matuta.

"Karibu, Matuta," akasema Kona Kali. "Tulikuwa tunakuhitaji. Wengine hapa hatuna breki."

Siku za kutokunywa hawahesabu, na makofi hawapigiani. Lakini kuna maneno mawili yamepigwa marufuku. La kwanza ni "nilijikuta." Jamaa mmoja alianza, "Ijumaa nilijikuta kilabuni," Kona Kali akamdaka: "Ulijikuta? Kwani ulikuwa umejipoteza wapi?" Jamaa akaanza upya: "Ijumaa nilikwenda kilabuni."

La pili ni "pole." Hilo nimelijua kwa kuumia. Zamu yangu ilipofika nilieleza yote, mume aliyeondoka, kazi, upweke, nikamalizia, "Na mwezi uliopita binti yangu aliungua na pasi." Nikangoja. Mtu yeyote akisikia mtoto ameungua husema pole, hata jirani mliyegombana. Watu sita walinitazama na hakuna aliyefungua mdomo.

"Aliungua?" akauliza Mwalimu.

"Ndiyo. Aliungua."

"Haya."

Haya! Nimerudi nyumbani nachemka. Ng'ombe wana huruma kuliko hawa.

Jumatano, 11 Machi

Siendi tena.

Jumapili, 15 Machi

Nimekwenda kumwona Bibi. Nilipita kwa nesi kwanza, nimekunywa vidonge tu. Dada alininusa mlangoni, wazi kabisa, kama anavyonusa maziwa, ndipo akanipisha.

Bibi alikuwa amekaa na mkono uliofungwa juu ya mto. Alinitazama miguu, kisha macho, kisha akaniambia viatu vyangu vinahitaji soli. Alipotaka kuinua birika dada akampokonya. "Acha! Huyu ni mzembe wa mikono, sitaki aguse moto wala pasi nyumbani kwangu. Mtoto mzima anajiunguza hivi!" Aliigeukia kazi yake ya kukata mboga. Bibi hakumjibu. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu, halafu akafungua kitabu chake.

Jumanne, 17 Machi

Nimekwenda. Sikuwa na pengine pa kwenda kukiwa na mvua hii.

Baada ya darasa nilimbana Kona Kali chini ya kibaraza. Nikamwambia nyinyi ni watu wa ajabu, mtu anawaambia mwanawe ameungua mnamkodolea macho.

"Sikiliza, mdogo wangu," akasema. "Mlevi analelewa kwa pole. Mimi mume wangu alinipa pole miaka nenda rudi, nikainenepea. Na mimi nikampa yake. Nimemvunjia vyombo, asubuhi namwambia pole, mume wangu. Pole! Utafikiri aliyevunja ni jirani na mimi nimepita kumfariji." Akacheka mpaka akakohoa. "Pole ni ya mtu aliyefikwa. Sisi ndio tuliowafika wenzetu."

Nilimwambia mimi nimefikwa pia. Akasema, "Inawezekana," akafungua mwavuli.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua. Sijanywa. Nimetafuna kucha zote, sasa nimehamia kwenye ngozi.

Jumanne, 24 Machi

Leo Mwalimu alizungumza. Alisimama chini ya picha ya kivuko cha waenda kwa miguu, akaongea kwa sauti ileile anayofundishia alama.

"Zamani nilikuwa nafundisha usukani," akasema. "Siku moja nilikwenda kazini nimelewa. Kwa miaka mingi watu wakiniuliza kwa nini siendeshi tena, nilikuwa nawaambia, nilipata ajali. Nilipata. Kama mtu aliyepata zawadi, au aliyepata mafua. Na watu walinipa pole, nikazipokea zote." Akaigusa picha iliyo juu yake. "Sikupata ajali. Nilimgonga mama mmoja aliyekuwa anavuka, akafa. Nilifungwa na nikatoka bado nasema nilipata. Siku niliyosema nilimgonga, ndiyo siku niliyoacha kunywa. Sisemi ni dawa. Nasema ndivyo ilivyokuwa kwangu."

Nilikuwa naangalia viatu vyangu, na kwa mara ya kwanza nilifurahi kwamba hakuna anayenitazama.

Alhamisi, 2 Aprili

Kamba ya kwa Tajiri imekatika kwa uzito, mashuka ya nyumba ya wageni yote matopeni. Tumefua upya. Mkono umetulia. Tajiri kaona, kaninunulia soda, nikainywa mbele yake yote nikitamani ingekuwa kitu kingine.

Jumanne, 7 Aprili

Usipige Honi kasema!

Tulidhani anasimama ili aondoke. Akakohoa. "Leo nimepiga lipu ukuta wa baa," akasema. "Ndani. Kutwa nzima. Nimemaliza. Nimetoka." Akakaa. Ni hayo tu. Kona Kali alilia kwa kelele, yule fundi akaona haya, akacheka, kumbe ana pengo mbele.

Alinisindikiza mpaka njia panda chini ya mwavuli wenye chuma kimoja kilichovunjika. "Huu ni wa mke wangu," akaniambia. "Nikiupoteza, afadhali nisirudi." Tulicheka. Nimelala mapema, nimeshiba, sijui nimeshiba nini.

Jumapili, 12 Aprili

Bibi ameondolewa bandeji. Kovu lina umbo la ncha ya pasi, wazi, mtu yeyote wa kazi yangu angelitambua akiwa ng'ambo ya barabara. Nilitaka kulishika. Akavuta mkono wa sweta.

Dada kaniambia nimeanza kupata rangi. Katika nyumba ile hiyo ni sifa kubwa.

Alhamisi, 16 Aprili

Mvua ya usiku kucha. Asubuhi wamemkuta Usipige Honi kwenye mtaro mkubwa nyuma ya soko.

Jumamosi, 18 Aprili

Tumemzika. Udongo ulikuwa tope, jeneza likawa linateleza, wanaume wakawa wanaambiana taratibu, taratibu. Mjane alikaa kwenye mkeka na kila anayefika alimwambia yaleyale: "Maji yalimchukua. Alikuwa anarudi nyumbani, maji yakamchukua." Majirani nyuma yetu walikuwa wananong'ona alitoka wapi saa hizo na alinukaje alipoopolewa.

Tulisimama kando kama wageni wasiojua pa kuweka mikono. Kona Kali akamgeukia Mwalimu. Uso wake ulikuwa umevimba. "Tunamwambia nini sasa?"

"Mwambieni pole," akasema Mwalimu. "Hapa ndipo mahali pa pole. Huyu mama amefikwa."

Tukapanga mstari. Nilipoinama nikasema, "Pole, dada. Pole sana." Aliushika mkono wangu kwa mikono yote miwili. "Mwavuli tumeupata," akaniambia. "Alikuwa ameushika."

Jumanne, 21 Aprili

Jumamosi baada ya mazishi nilijikuta

Nimefuta. Nilikwenda. Sikujikuta popote. Niliachana na Kona Kali kituoni, nikamwambia nakwenda nyumbani, nikavuka barabara kwa miguu yangu miwili, nikaingia kilabuni, nikavua kanga iliyolowa nikaikamua vizuri mlangoni nisimchafulie mwenye mahali, nikaagiza. Nilikunywa Jumamosi na Jumapili yote. Nilimlilia Usipige Honi, au nilijiambia namlilia. Ukweli ni kwamba kifo chake kilinipa ruhusa, nami nilikuwa naitafuta ruhusa tangu mwezi wa tatu. Nimemtumia maiti. Sijui kama kuna jina la mtu wa hivyo.

Jumapili ni siku ya Bibi.

Jana alinipigia kwa simu ya dada. Mafua yalikuwa yamemziba pua.

"Mama, nilikungoja getini. Mama mkubwa alisema niingie ndani, nikakataa. Nikalowa."

"Pole, Bibi wangu. Pole sana, mama."

Nikamsikia anavyohema kwa mdomo. Halafu akasema, taratibu kabisa, "Pole ya nini? Kwani nani hakuja?"

Akakata simu yeye. Leo ni siku ya darasa, mvua inanyesha, na sikwenda.

Jumatano, 22 Aprili

Nimerudi kwa nesi. Hakunisema. Alinihesabia vidonge, akaniambia nivimeze mbele yake.

Jumanne, 28 Aprili

Kiti cha Usipige Honi hakuna aliyekikalia. Tulikizunguka kama kuna mtu.

Nilisema leo. Naandika nilivyosema, nisije kesho nikaanza kukirembesha.

Jumapili ile nilikuwa macho. Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimelewa na nilikuwa nampigia pasi shati la shule. Bibi alisimama mbele ya meza akaniambia, "Mama, umelewa, utaliunguza. Niachie mimi." Akanyoosha mkono aichukue pasi. Nikamsukuma. Nilimsukuma kwa mkono ulioshika pasi. Sijui kama nilijua ni mkono upi, nimejiuliza mpaka nimechoka. Nilichojua ni kwamba nilitaka anyamaze, na alinyamaza. Hakupiga kelele. Alikwenda kwenye ndoo akatumbukiza mkono, na akiwa hapo akaniambia nizime pasi. Nikamwambia, pole mama. Nikaenda kulala. Asubuhi nilimpeleka zahanati, na kabla sijafungua mdomo akamwambia nesi, "Niliungua nikijipigia pasi." Mtoto wa miaka kumi. Alikuwa amekesha anaipanga hiyo.

Nilipomaliza mvua ilikuwa inapiga bati.

"Nani aliungua?" akauliza Mwalimu.

"Hakuna aliyeungua. Nilimuunguza." Nikarudia. "Nilimuunguza binti yangu."

"Haya," akasema.

Ni "haya" ileile ya siku ya kwanza. Leo ilinikalia kama mtu aliyenisogezea kiti.

Jumapili, 3 Mei

Nimefika kwa dada kabla hawajaamka. Bibi alinifungulia geti, akaniangalia kama karani anayeangalia kitambulisho, akanipisha. Hatukuzungumza sana. Tulichambua njegere.

Ijumaa, 8 Mei

Jua, saa mbili nzima. Tajiri katoa kamba zote nje, akasimama chini yake anazitazama utadhani kazizaa yeye.

Jumapili, 10 Mei

Dada alinikalisha sebuleni, shemeji akiwepo.

"Nimemwuliza Tajiri wako," akasema. "Nimemwuliza na nesi. Uliteleza mara moja, ukasimama. Mdogo wangu, umekuwa mtu." Akafuta macho kwa upande wa kanga, dada yangu huyu ambaye hata msibani kwa mama alikuwa anatoa amri. "Mvua zinaisha. Mwisho wa mwezi njoo na begi, umchukue mwanao."

Shemeji akanishika bega.

"Ila sharti moja," dada akaendelea. "Pasi na moto huyu asiguse. Ni mzembe, na nimemwambia, uzembe wako ndio uliomtia mama yako aibu."

Bibi alikuwa mlangoni na vikombe. Alisikia yote. Aliviweka mezani kimoja kimoja, kwa uangalifu wa kutisha, bila kumwaga hata tone.

Jumanne, 12 Mei

Darasani nilieleza. Dada hajui. Nikinyamaza, mwisho wa mwezi Bibi yuko nyumbani. Nikisema, sijui.

"Mchukue mtoto kwanza!" Kona Kali karibu asimame juu ya kiti. "Wewe una wazimu? Mchukue, mlee, akikua mtazungumza. Wangu mimi walichukuliwa, mpaka leo nawaona kwenye picha." Alikuwa analia tayari. Nilimwamini. Kila mfupa wangu ulimwamini.

Mwalimu alikuwa anafuta vumbi picha zake. "Huyo mtoto anaitwa mzembe?" akauliza.

"Ndiyo."

"Na nani mzembe?"

Nilitaka aniamuru, nipate mtu wa kumlaumu, naye hakuniamuru.

Jumamosi, 16 Mei

Nimenunua shuka jipya la kitanda cha Bibi. Nimelipiga pasi mara mbili. Nimelitandika, nimekaa pembeni yake kutwa.

Jumapili, 17 Mei

Nilikwenda asubuhi. Dada alikuwa anamimina chai, Bibi anasuka nywele za mdoli ambaye anadai ameshapita umri wa kumchezea. Sikukaa. Ningekaa ningekunywa chai, ningekunywa chai ningeahirisha.

"Dada," nikasema, "Bibi hakuungua. Mimi nilimuunguza."

Akaendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika, ndipo akaweka chupa chini. "Rudia."

Nikarudia. Nikaeleza lote, mkono, pasi, nilivyomsukuma, ndoo. Shemeji akatoka nje. Dada alinisogelea, nikadhani atanipiga, na ningefurahi. Hakunipiga. Alikwenda kwa Bibi, akapandisha mkono wa sweta, akalitazama kovu kana kwamba halijawahi kuwa pale.

"Na mimi nikawa nakuita mzembe," akamwambia. "Miezi hii yote. Kwa nini hukusema?"

"Ungemkataza asije," akasema Bibi.

Nikapiga magoti mbele ya mwanangu. Nikamwambia, "Nilikuunguza, Bibi. Nisamehe."

Watoto huwa wanasema haraka, nimekusamehe, ili mambo yaishe. Huyu aliinamisha kichwa, akafikiria sawasawa, kama anavyofikiria hesabu.

"Bado," akasema.

Kisha akamgeukia mama yake mkubwa, kidevu juu. "Lakini umesikia? Mimi siyo mzembe. Mimi nilijua kupiga pasi tangu niko mdogo."

Dada alinisindikiza getini. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo mbaya zaidi kwake. "Kwako harudi. Si mwisho wa mwezi huu, na mwakani sijui. Ukitaka kumwona utakuja hapa, nikiwepo. Mkiwa wawili tu, hapana." Nikasema ndiyo. Nilitaka kubisha, nilitaka kumwambia habari za shuka, nikasema ndiyo.

Nilitembea mpaka nyumbani. Nilivipita vilabu vyote vya njia ile, kimoja kimoja, na kila kimoja kilinijua. Naandika haya nimekaa kwenye kitanda chake. Inauma. Sijawahi kuumwa hivi nikiwa na akili zangu timamu, na sina pa kuuweka uchungu huu.

Jumanne, 19 Mei

Niliwaeleza. Kona Kali alifungua mdomo, nikaiona midomo yake inakutana kwa ile "p", akaimeza. Akaja akakaa kwenye kiti cha Usipige Honi, kilicho jirani na changu, akabaki hapo mpaka mwisho.

Jumatatu, 25 Mei

Kazi. Mashati. Sijanywa.

Jumapili, 31 Mei

Mvua zimeisha. Vumbi limeshaanza, watu wameshaanza kulilalamikia.

Nilipofika kwa dada, meza ilikuwa imetandikwa blanketi na pasi ilikuwa inapata moto. Dada alikuwa amekaa kwenye kochi, mikono kifuani, hajalegeza uso. "Kaomba mwenyewe," akaniambia. "Kesho shule. Kasema anataka uwepo."

Bibi alikuwa ameshika shati lake jeupe. Amerefuka, kigoda hakihitaji tena. Alinyunyiza maji kwa vidole, akalowesha kidole kwa ulimi, akaigusa pasi haraka ikalia, vilevile nilivyomfundisha. Akaweka kola mbele yake. Mimi nikasogea, mazoea tu, nimshikie ncha isikunjike.

Akainua pasi, akaivuta upande wake. Mkono uliovuta ndio ule wenye kovu. Haukutetemeka.

"Kaa kule, mama," akasema, akanionyesha kwa kidevu upande wa pili wa chumba. "Utaona ukiwa kule."

Nikaenda, nikakaa kule. Alianza na kola.